Nimekua kama mwandishi, au alama ndizo zinazosema kweli?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia hapa Dodoma. Mhadhiri wetu wa kozi ya uandishi ametutaka tuandike tafakuri ya maneno 1500 kuhusu tulivyokua kama waandishi tangu mwaka wa kwanza, na tuambatishe insha mbili. Nimeshaandika mara tatu, na kila mara naishia kusema nimejifunza mengi na kumshukuru mwalimu. Nikisoma naona kama si mimi. Halafu kuna jambo linaniumiza: insha yangu ya kwanza ilipata 68, na ya mwisho, ambayo ndiyo niliyoitolea jasho, ikapata 61. Sasa nitasemaje kwamba nimekua? Nakutumia insha zote mbili, rasimu ya tafakuri na picha za daftari nililoandikia ile ya pili. Ya kwanza sina rasimu zake, niliiandika kwenye kompyuta nikawa nafuta juu kwa juu. Unaweza kunukuu chochote. Je, alama nizitaje au nizifiche? Na nimalizieje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimesoma vyote ulivyonitumia, na picha za daftari nimezisoma zaidi ya insha zenyewe. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza rasimu yako. Inaanza hivi: "Katika kipindi hiki nimejifunza mambo mengi sana ambayo yamenijenga na kuniwezesha kuwa mwandishi bora. Hapo awali nilikuwa naandika kwa kurukaruka lakini kwa sasa nimeweza kuboresha uandishi wangu kwa kiasi kikubwa." Nilipomaliza sentensi hizo mbili nilijiuliza ni wangapi darasani kwako wangeweza kuandika jina lao juu yake bila kugusa neno. Nadhani wote. Mambo mengi yapi? Ulikuwa unaruka kutoka wapi kwenda wapi? Kiasi kikubwa umekipima na nini? Sisemi kwamba umedanganya. Tatizo ni kwamba sentensi hizo haziwezi kuwa kweli wala uongo, maana hakuna mahali msomaji anapoweza kushika akasema, naam, hapa panaonekana.

Ndiyo maana umejisoma ukaona si wewe. Shikilia hisia hiyo, ni sahihi.

Sasa fanya jambo moja kabla hujaandika tena hata mstari. Chapisha insha zote mbili, ziweke mezani bega kwa bega, na uache kabisa kujiuliza "nimekuaje?" Jiulize: "Hapa niliamua nini, na hapa niliamua nini?" Kukua kwa mwandishi kunakaa kwenye maamuzi. Hisia za kukua zinakuja na kuondoka, siku nyingine unaamka unajiona hujui hata kuandika barua. Maamuzi yako kwenye karatasi, hayaondoki, na mhadhiri wako anaweza kuyaona kwa macho yake.

Bahati yako insha zote mbili zinahusu maji. Hukupanga iwe hivyo, nadhani. Ya kwanza ulipewa mada, ya pili ulichagua mwenyewe na ukajikuta umerudi palepale. Hilo peke yake linastahili aya nzima ya tafakuri. Kwa nini ulirudi?

Ile ya kwanza, ya Novemba, inafunguka hivi: "Dhana ya maji imefasiliwa na wataalamu mbalimbali. Maji ni kimiminika muhimu sana ambacho hutumiwa na viumbe hai wote. Katika insha hii tutaangalia changamoto za upatikanaji wa maji vijijini."

Ile ya pili, ya Juni: "Saa kumi alfajiri ndoo zinakuwa zimeshapangwa. Ya bibi naijua kwa utepe mwekundu aliofunga kwenye mkono wake. Mwenyewe yuko nyumbani amelala. Ndoo ndiyo inayokesha."

Tusikimbilie kusema ya pili ni nzuri, ya kwanza ni mbaya. Tuangalie maamuzi. Katika ile ya kwanza nani anazungumza? "Wataalamu mbalimbali" wametangulia, kisha wakaja "sisi" wa "tutaangalia". Wewe haumo. Wala maji hayamo, maana hakuna mtu duniani anayehitaji kuelezwa kwamba maji ni kimiminika. Katika ile ya pili kuna anayeijua ndoo kwa utepe. Neno "naijua" lina mtu ndani yake. Hujasema "mimi kama mjukuu", hujajitangaza, lakini msomaji amekuona umesimama bombani gizani unatafuta utepe.

Ningependa hapo usimame, ufungue daftari. Ukurasa ule wenye alama ya chai pembeni una sentensi tatu, mbili umezikata. Ya kwanza: "Bibi yangu huamka mapema sana kwenda kupanga foleni ya maji." Umepiga mstari. Ya pili: "Bibi yangu huacha ndoo yake kwenye foleni tangu usiku." Umepiga mstari. Ya tatu ndiyo hii ya ndoo inayokesha.

Unaona kilichotokea? Sentensi ya kwanza haikuwa na kosa la sarufi. Ilikuwa na kosa la ukweli. Bibi yako haamki mapema. Mwenyewe umesema amelala. Uliandika kile ambacho insha zote za maji husema, kwamba akina mama huamka alfajiri, kisha ukakumbuka kwamba kwenu si hivyo, kwenu ndoo ndiyo inayomshikia bibi nafasi. Ulipoisahihisha sentensi ulikuwa unausahihisha ukweli. Na kitenzi "kukesha" kimekuja kwa sababu ulikuwa umeshaona vizuri. Hukukitafuta kama pambo. Tunakesha msibani, tunakesha na mgonjwa, tunakesha kwenye mkesha wa harusi. Umeipa ndoo kazi ambayo kwetu hufanywa na mtu anayejali. Mimi nimefundisha uandishi na kuhariri kazi za wengine kwa miaka mingi, na nakwambia kwa dhati, sentensi kama hiyo nikikutana nayo kwenye rundo la karatasi huwa naweka kalamu chini.

Haya uliyoyafanya kwenye ukurasa ule yana utafiti wake. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani, Nancy Sommers, alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza wa chuo na waandishi wazoefu 20, akitazama namna kila kundi linavyopitia upya kazi yake. Wanafunzi wengi walielewa kwamba kupitia upya ni kubadili maneno: toa hili, weka lile, punguza linalojirudia. Wazoefu walikuwa wakitafuta umbo la hoja yao, wakiwaza na msomaji atakayeisoma, na walikuwa tayari kuivunja rasimu nzima wakigundua kwamba walichotaka kusema sicho walichokisema. Ukurasa wako wa chai uko upande gani? Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili ulibadili jambo lenyewe. Kati ya ya pili na ya tatu ulibadili nani yuko katikati ya sentensi: bibi akapumzika, ndoo ikasimama. Si kazi ya kubadili maneno hiyo.

Basi tafakuri yako ina moyo tayari. Ukurasa mmoja, sentensi tatu, na maelezo ya kwa nini mbili zilikatwa. Hata ukitumia maneno 500 hapo, hujapoteza hata moja.

Nakuomba kitu, lakini. Usimdharau yule msichana wa Novemba. Wanafunzi wengi wakiandika tafakuri hugeuka mahakimu: "Nilikuwa siwezi kabisa, nilikuwa mbovu." Si kweli, na haikusaidii. Yule msichana alifanya alichofundishwa. Utangulizi, kiini, hitimisho, anza kwa fasili, taja wataalamu, usijitaje. Utaratibu huo ulimvusha mtihani wa kidato cha nne na wa kidato cha sita, ukamfikisha chuoni. Tena kumbuka safari ya lugha yenyewe: ukiwa shule ya msingi ya serikali ulisoma kila kitu kwa Kiswahili, ulipofika sekondari masomo yakageuka Kiingereza, na Kiswahili kikabaki somo moja kwenye ratiba. Kwa miaka sita hukuandika kwa Kiswahili kuhusu mvua, wala vita, wala hesabu za duka. Uliandika insha za Kiswahili tu. Ajabu gani basi ukiandika kuhusu maji kwa lugha ya insha, wakati lugha ya bombani unayo mdomoni? Mwulize yule msichana alikuwa anaogopa nini. Mimi nadhani alikuwa anaamini kwamba anayoyajua mwenyewe si maarifa mpaka mtaalamu ayaseme kwanza. Kama ni hivyo, andika hivyo, kwa maneno yako.

Wala usiende mbali ukasema kunukuu wataalamu ni utoto. Mwakani utaandika tasnifu, na humo fasili na marejeo ni sehemu ya kazi. Ulichojifunza ni kutofautisha. Kuna kazi inayomhitaji mtaalamu mlangoni, na kuna kazi inayohitaji ndoo.

Sasa alama, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi.

Nimesoma maoni ya mhadhiri. Kwenye ile ya kwanza: "Muundo mzuri. Endelea." Kwenye ile ya pili: "Mwanzo umenishika. Aya ya 3 upatanisho! Hitimisho liko wapi?" Nikaenda aya ya tatu, nikaikuta sentensi yenyewe: "Ndoo waliokuja mwisho walipitishwa mbele kwa sababu wenyewe ni jamaa wa mwenye ufunguo." Ni kosa, halina mjadala. Ndoo ni ya ngeli ya i-zi: ndoo zilizokuja, zilipitishwa. Mwalimu wako hakukuonea alipokata alama.

Lakini angalia kosa lilivyozaliwa. Katika aya ya kwanza uliipa ndoo kazi ya kukesha. Aya ya pili ndoo "zinasogea", "zinangoja". Ikifika aya ya tatu, kichwani mwako ndoo zimeshakuwa watu, na ulimi ukazivika upatanisho wa watu. Kiswahili kinajua jambo hilo. Kwenye ngano zetu kitu kikipewa uhai na sauti hupokea a- na wa- kama binadamu, na hakuna anayelalamika. Tatizo lako ni kwamba uliuvuka mpaka huo bila kumwandaa msomaji, na bila wewe mwenyewe kujua umevuka. Kama ungejua, ungeamua moja kati ya mawili: ama "Ndoo zilizokuja mwisho zilipitishwa mbele", basi, au ungetengeneza mahali ambapo ndoo zinageuka watu waziwazi, msomaji akakubali.

Insha ya Novemba isingeweza kuwa na kosa hilo hata kidogo. Ndani yake hakuna kilichosogea mpaka kikavuka mpaka wowote.

Alikuwapo mwalimu mmoja pale City College, New York, Mina Shaughnessy. Mwaka 1970 vyuo vya jiji lile vilifungua milango kwa wanafunzi ambao hapo nyuma wasingepokelewa, wengi wao hawajazoea kuandika kitaaluma. Yeye hakuyatupa makosa yao kapuni. Alikaa na maelfu ya insha zao akazisoma kosa kwa kosa, akitafuta akili iliyo nyuma ya kila kosa. Mwaka 1977, alipochapisha aliyoyaona, alieleza jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulikumbuka anaposhika kalamu nyekundu: si ajabu mtu anayejifunza stadi aonekane anarudi nyuma kabla hajasonga mbele, na mwandishi hukosea zaidi kadiri anavyothubutu zaidi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: zitaje alama. Taja 68, taja 61. Usizitaje kama malalamiko, na usizitaje ukijitetea kwamba mwalimu hakukuelewa. Zitaje kama tukio linalohitaji kuelezwa, kisha ueleze kama nilivyofanya hapa juu, ila kwa kuona kwako. Mwanafunzi anayeweza kusema "alama saba zilipotea, na hapa ndipo zilipopotea, na hiki ndicho nilichokuwa nakijaribu" ameonyesha kukua kuliko mwenye 80 asiyejua imetoka wapi.

Jambo dogo la lugha, ambalo ukilipenda litakupa aya nyingine. Nimehesabu "amba-" zako. Insha ya kwanza ina 11 katika kurasa mbili. Ya pili ina 2. Umeanza kuandika "utepe aliofunga" mahali ambapo mwaka jana ungeandika "utepe ambao aliufunga". Sentensi zako zimepata mwendo. Sijui kama ulifanya kwa makusudi, na ingefaa ujiulize.

Mimi mwenyewe nina historia na neno hilo. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipeleka makala yangu ya kwanza gazetini. Mhariri aliirudisha akiwa amezungushia kila "ambayo" na "ambaye", 14 kwa jumla, bila kuandika neno lingine lolote. Niliumia sana. Kisha nikaapa kutozitumia tena, nikawa nazing'oa kila ninapoziona, na kwa miaka kama mitatu niliandika sentensi zilizopinda kwa sababu nilikuwa naikimbia "amba-" hata inapohitajika. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwafundisha wengine, kwamba kuna mahali haina mbadala. Jaribu "mgeni ambaye hajafika". Ukiigeuza kuwa "mgeni asiyefika" umempata mgeni mwingine kabisa. Wa kwanza bado anangojwa, wa pili si mtu wa kufika. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi, kama -o- ya "aliofunga", hakikai na -ja-, hapo "amba-" lazima iingie. Kwa hiyo mimi nilikua mara mbili kwa neno lilelile: mara ya kwanza nilipojifunza kulitoa, na mara ya pili, miaka mingi baadaye, nilipojifunza kulirudisha. Ukiniuliza ipi ilikuwa kubwa zaidi, nitakwambia ya pili.

Nakuambia haya ili usidhani kwamba tafakuri ni hadithi ya ngazi, kila hatua juu ya nyingine. Taja pia mahali ambapo hujasogea. Wewe hujui kumaliza. Insha ya kwanza inafunga kwa "Kwa kuhitimisha, ni wajibu wa serikali na jamii kwa ujumla kushirikiana", ya pili haifungi kabisa, inakatika tu kama mtu aliyeitwa nje. Hizo ni namna mbili za kukwepa jambo moja. Sema hivyo. Mhadhiri wako ameshaliona, na atakuamini zaidi kwa yale mengine ukilisema mwenyewe.

Desturi hiyo si ngeni kwetu. Watunzi wa tenzi za kale wa pwani walizoea kufunga kazi zao kwa beti za tamati ambamo mtunzi hujitaja, hutaja tarehe na idadi ya beti, na mara nyingi humwomba msomaji amwie radhi na arekebishe palipokosewa. Mtunzi alikuwa anaitazama kazi yake mbele ya watu na kukiri mipaka yake. Mhadhiri wako anakuomba jambo linalofanana na hilo, kwa nathari.

Kuhusu kumshukuru mwalimu. Mshukuru, ni adabu, na inaonekana anastahili. Ila shukrani ya "namshukuru sana mwalimu kwa mwongozo wake" inaweza kumwendea mwalimu yeyote. Katika picha ya nne kuna rasimu ya kwanza kabisa ya insha ya Juni, umeandika "Maji ni tatizo kubwa sana kijijini kwetu", na pembeni kuna maneno mawili kwa wino mwekundu: "Kwa nani?" Chini yake ndipo bibi anapotokea kwa mara ya kwanza. Simulia hilo. Ulijisikiaje ulipoyaona maneno hayo, ulikaa nayo muda gani, ulimkumbuka bibi ukiwa wapi. Mwalimu akisoma atajua umeshukuru, hata kama neno lenyewe halimo.

Kama kuna ushauri wake uliokataa, utaje nao, na sababu yako. Mwandishi anayekubali kila kitu hajaanza bado kuamua.

Pengine mmepewa zile hatua sita za kutafakari za mtaalamu wa ufundishaji, Graham Gibbs, za mwaka 1988: eleza kilichotokea, ulivyohisi, kipi kilikuwa kizuri na kibaya, chambua, hitimisha, panga utakachofanya. Walimu na wauguzi wanafundishwa sana mpangilio huo. Utumie kufikiria, usiutumie kuandika. Ukijaza visanduku sita kwa zamu utapata fomu, na uchambuzi, ambao ndio wenye nyama, utapata mistari sawa na hisia.

Ukitaka kuona mtu mzima anavyoitazama safari yake ya kuandika, itafute hotuba aliyoitoa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, Desemba 2021 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Anaanzia darasani, mtoto anayekipenda kipindi cha kuandika kuliko vipindi vyote, darasa limenyamaza, kila mmoja ameinamia dawati lake. Anasema wazi kwamba wakati ule hakuwa na jambo maalumu la kusema. Aliandika kwa sababu aliagizwa, na kwa sababu alifurahia. Sababu nyingine, ile nzito, ilikuja baadaye akiwa Uingereza, mbali na kwao. Angalia kwamba haoni haya kwa mtoto yule, na hajidai kwamba alikuwa mwandishi tangu tumboni. Anaonyesha tu kwamba mkono ni uleule, sababu ya kuandika imebadilika. Wewe mwaka mmoja haukutoshi kusema hayo, ila swali lake unaweza kulichukua: Novemba uliandika kwa nini? Juni uliandika kwa nini?

Jambo la mwisho la vitendo. Umesema insha ya kwanza huna rasimu zake, uliandika kwenye kompyuta ukawa unafuta juu kwa juu. Angalia tena. Kama ulitumia Google Docs, fungua historia ya matoleo, huenda rasimu zote zimo na saa zake. Kama ulimtumia mwenzako kwa WhatsApp au baruapepe akusomee, faili la siku hiyo linaweza kuwapo bado. Ukipata hata moja, tazama ulichofuta. Nina hamu kujua kama bibi hakuwamo humo tangu Novemba, ukamtoa kwa kudhani si mtaalamu.

Na kumaliza. Usiandike kwamba utakuwa mwandishi mashuhuri, wala kwamba utaendelea kujibidiisha. Rudi bombani. Insha yako ya Juni inakatika ndoo ya bibi ikiwa ya sita kutoka mbele, na hatujui kama maji yalimfikia. Iandike aya hiyo ya mwisho iliyokosekana, sasa, ndani ya tafakuri yenyewe, useme kwamba hii ndiyo aya niliyoshindwa kuiandika mwezi Juni. Ndoo zilizokuja mwisho zinapitishwa mbele, kunakucha, bibi anakuja na khanga yake begani, anaitafuta yenye utepe. Baada ya hapo wewe ndiye unayejua.